Ekseli za tani tano kwenye lori la M35: kabla hujamlipa muuzaji

“Nina lori la zamani la jeshi la Marekani, M35A2, nililinunua mnadani hapa Texas. Nalitumia shambani na kupeleka nyasi na kuni mjini, kama kilomita 60 hivi. Tatizo ni mwendo. Barabara kuu watu wanapita kwa maili 75, mimi nikifika maili 53 injini inalia mpaka naionea huruma. Kuna jamaa anauza ekseli tatu kamili za lori la tani tano, M809. Anasema nikizifunga, lori litakimbia na litabeba mara mbili. Mdogo wangu aliyeko Dar anasema fundi wa mtaa wa Gerezani huko angemaliza kazi hiyo kwa wikendi moja. Je, naweza kufunga zile mbili za nyuma kwanza, ya mbele nikaifunga nikipata nafasi? Nimezoea kutengeneza magari madogo, na nina jeki na winchi.”

Ndugu yangu, swali lako lina mambo matatu ndani yake: mwendo, mzigo, na hilo la kufunga nyuma kwanza. Nakujibu moja moja, ila hilo la tatu nakujibu sasa hivi usije ukaanza kufungua nati kabla hujamaliza kusoma: hapana. Usifunge ekseli za nyuma peke yake, na sababu utaiona mbele.

Tuanze na mwendo, kwa sababu ndiyo bidhaa unayouziwa.

Ndani ya kila ekseli kuna gia zinazopunguza mizunguko. Kwenye M35 yako, propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, lazima izunguke mara 6.72 ili tairi lizunguke mara moja. Ni uwiano mkubwa, na uliwekwa makusudi: lori hili lilibuniwa na kampuni ya REO ya Michigan kuingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950, likavute mizigo kwenye tope kwa mwendo wa msafara. Hakuna aliyefikiria barabara ya maili 75. Injini ya LDT-465 imewekewa kikomo cha mizunguko 2,600 kwa dakika, na kwenye gia ya tano, ukiwa na tairi zake za asili za 9.00-20, mizunguko hiyo inakupa maili 56 kwa saa, yaani kilomita 90. Basi. Wewe ukiwa kwenye maili 53 umebakiza kidogo sana kufika ukutani. Injini yako haina ugonjwa. Ndiyo sauti yake ikiwa kazini. Tazama kile kibao cha chuma kwenye dashibodi kinachoonyesha mwendo wa juu kwa kila gia, utaona jeshi lilikwisha kukuandikia jibu.

Sasa ekseli za M809. Uwiano wake ni 6.44. Fanya hesabu: kutoka 6.72 kwenda 6.44 ni tofauti ya asilimia 4 na kidogo. Maana yake, ukienda kwa mwendo uleule wa kilomita 90, injini itazunguka kama mara 2,490 badala ya 2,600. Umebomoa lori, umechomelea, umenunua rimu mpya, na umepata mizunguko mia moja na ushei. Sidhani kama hata sikio lako litaitambua tofauti hiyo.

Inawezekana jamaa hakudanganyi kwa kusudi. Pengine amewahi kuona M35 yenye ekseli za tani tano ikienda vizuri. Lakini ekseli hizo zina bolti kumi za gurudumu wakati zako zina sita, kwa hiyo anayezifunga hulazimika kuchukua na rimu zake, na rimu hizo kwa kawaida huja na tairi za 11.00-20, ambazo ni ndefu kuliko zako. Sehemu kubwa ya mwendo alioushuhudia ilitoka kwenye tairi, ekseli ikapewa sifa isiyo yake. Na jiulize swali dogo: M809 yenyewe, lori zima lenye injini kubwa ya Cummins, hukimbia kiasi gani? Kwa vitabu vya jeshi ni maili 52 hadi 54. Unataka kununua miguu ya mkimbiaji ambaye wewe tayari unampita.

Ukitaka kuthibitisha uwiano wa ekseli yoyote iliyolala chini, usitegemee maneno wala rangi ya jeshi. Iinue magurudumu yote mawili yawe huru. Mtu mmoja ashike habu ya kushoto isisogee hata kidogo. Weka alama ya chaki kwenye habu ya kulia na nyingine kwenye flanji ya pinyoni, pale propela inapofungwa. Zungusha habu ya kulia mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya flanji. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, ule unaozunguka huenda mara mbili, kwa hiyo mizunguko 20 ya habu ni sawa na 10 ya magurudumu yote mawili. Ukipata 67 na kidogo, hiyo ni 6.72. Ukipata 64 na nusu hivi, ni 6.44. Ukizungusha mara mbili tu kama wengi wafanyavyo, tofauti itakuwa robo ya mzunguko na mtabishana mpaka jioni. Ukiwa hapo, sikiliza pia: mlio wa kukwaruza, au sehemu moja nzito inayojirudia kila mzunguko, ni beringi au jino lililoliwa.

Kuhusu mzigo. M35 imeandikiwa tani mbili na nusu kwa porini. Kwa barabara ngumu, jeshi liliruhusu pauni 10,000, ambazo ni kama kilo 4,500. Kwa nyasi na kuni zako za kwenda mjini, huenda uwezo unaoutafuta tayari unao. Na kama huna, ekseli nene haitakupa. Uwezo wa lori huamuliwa na kilicho dhaifu kuliko vyote: chasisi, springi, breki, injini ya farasi 130 hivi. Ukibadilisha kimoja, vilivyobaki havijui kwamba kimebadilishwa. Mbaya zaidi, dereva ndiye anayejua, na huanza kupakia kana kwamba lori zima limekua.

Sasa twende kwenye lile la nyuma kwanza, mbele baadaye. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo malori haya yanapotofautiana na magari uliyozoea.

Kwenye M35, propela inatoka kwenye transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inaingia ekseli ya kati, shafti inapita juu yake moja kwa moja na kutokea upande wa pili, kisha propela nyingine fupi inaendelea hadi ekseli ya mwisho. Hakuna difu, yaani gia za kuruhusu pande mbili zizunguke kwa mwendo tofauti, katikati ya ekseli hizo mbili. Zimefungwa pamoja kama watu wawili waliobeba nguzo moja begani: mmoja hawezi kuongeza hatua bila kumburuta mwenzake. Ndiyo maana ekseli mbili za nyuma lazima ziwe na uwiano uleule na tairi za kimo kilekile. Ukiweka moja ya 6.44 na kuiacha nyingine ya 6.72, katika kila kilomita moja ya lami kavu tairi za ekseli moja zitalazimika kuburuzwa mita 40 na zaidi. Kwenye tope tairi huteleza na hakuna atakayejua. Kwenye lami haliwezi kuteleza kirahisi, kwa hiyo nguvu inajikusanya kwenye shafti, kwenye krosi, kwenye meno ya gia, mpaka kitu kiachie.

Wewe utasema: lakini mimi nabadilisha zote mbili za nyuma kwa pamoja. Sawa, hizo mbili zitapatana. Tatizo linahamia mbele. Transfa za M35 ziko za aina mbili. Ya zamani ina klachi ya spragi: ekseli ya mbele haipewi nguvu mpaka tairi za nyuma zianze kuteleza na kwenda haraka kuliko za mbele kwa asilimia chache, hapo klachi inajibana yenyewe. Ukiweka 6.44 nyuma na kuacha 6.72 mbele, unaipanua ile nafasi ya asilimia chache kwa asilimia 4 nyingine. Magurudumu ya nyuma yatachimba shimo kwanza ndipo ya mbele yaamke, na mara nyingi yatakuwa yamechelewa. Ukifanya kinyume, yaani mbele ikawa 6.44 na nyuma ikabaki 6.72, ile nafasi inaliwa na spragi inaweza kujibana hata kwenye lami kavu wakati hutaki. Transfa ya aina ya pili hufungwa kwa swichi ya hewa, na ikishafungwa hakuna msamaha: tofauti yoyote ya uwiano inageuka kuwa msokoto. Kwa vyovyote vile, ekseli hizi hubadilishwa zote tatu au haibadilishwi hata moja.

Na zote tatu si kazi ya wikendi. Nawaheshimu sana mafundi wa Gerezani, nimeona wakifufua malori ambayo hata mwenye mali alikwisha kuyalilia, na naamini wangeweza kuifanya. Lakini muulize mdogo wako amuulize fundi huyo swali moja: nafasi kati ya ekseli mbili za nyuma za M35 ni inchi 48, za M809 ni inchi 54, ataipata wapi hiyo inchi sita? Springi za nyuma za lori hili hazikufungwa kwenye ekseli kwa yu-bolti kama za Isuzu. Zimekaa juu ya mhimili mmoja katikati, ncha zake zimelalia ekseli, na kinachozuia ekseli kwenda mbele na nyuma ni fimbo sita za chuma. Ukibadilisha nafasi, unabadilisha springi, fimbo, viti vyake, na urefu wa propela. Anayekwepa hayo hukata viti vya springi kwenye ekseli na kuvichomelea mahali pengine. Moto wa kuchomelea hupinda bomba la ekseli kwa kiasi ambacho jicho halioni lakini beringi na sili huona, na utaanza kubadilisha sili kila baada ya miezi michache bila kujua kwa nini.

Kuna na breki. Silinda za magurudumu ya tani tano ni kubwa, zinahitaji mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga. Masta silinda yako na busta yake ya hewa vilipimwa kwa silinda ndogo. Matokeo yake ni pedali inayozama. Mbele kuna mikono ya usukani ambayo haikukusudiwa kukutana na usukani wako. Kila kimoja kina ufumbuzi, na kila ufumbuzi una bei. Ukijumlisha, mara nyingi ingekuwa rahisi zaidi kuuza M35 na kununua lori zima la tani tano, kama kweli shida yako ni mzigo. Ukifikiria njia hiyo, jua tu kwamba hata yale ya kizazi cha baadaye, M939, yenye breki za hewa tupu na gia za kujibadilisha, jeshi lenyewe katika miaka ya 1990 liliyawekea kikomo cha maili 40 baada ya ajali, mpaka yalipofungwa mfumo wa kuzuia breki kubana. Tafuta lililokwisha kufungwa mfumo huo.

Basi ufanye nini kuhusu mwendo? Tairi. Hapo ndipo pesa yako itaonekana.

Tairi za 11.00-20 zitakuongezea kama asilimia 6 au 7, maili 60 kwa mizunguko ileile. Usizifunge mbilimbili nyuma, zitasuguana. Funga moja moja, jumla sita. Wengi wanaotaka zaidi huenda kwenye 395/85R20, tairi za malori mapya ya jeshi, zenye kimo cha inchi 46 na ushei. Hizo zinakupa kama asilimia 14. Kwa kilomita 90 injini itakuwa inazunguka mara 2,280 hivi, na kikomo chako kinapanda hadi karibu maili 64. Linganisha na ile asilimia 4 ya muuzaji. Zinahitaji rimu pana zaidi zenye bolti sita, rimu zako nyembamba za 9.00 haziwezi. Na kumbuka ile inchi 48 kati ya ekseli: tairi ya inchi 46 na ushei inaacha nafasi ya inchi moja na nusu tu kati ya tairi na tairi. Minyororo ya tope sahau. Jiwe likikwama hapo, lishukie mapema.

Tairi kubwa nazo zina gharama zake, nisikufiche. Nguvu ya kupanda mlima inapungua kwa karibu kiasi kilekile ulichoongeza mwendo, kwa hiyo ukiwa na mzigo wa kuni utarudi gia ya nne mahali ulipozoea kupita kwa ya tano. Breki nazo zinapungua nguvu ardhini kwa kama asilimia 12, kwa sababu drami ni ileile na tairi limekuwa refu. Usukani utakuwa mzito. Spidomita itakudanganya: ikisoma 50, wewe uko 57. Na nikuombe usiitumie hiyo maili 64 kama mwendo wa safari. Kwa maoni yangu, faida ya tairi hizi ni kwenda kwa maili 55 injini ikiwa imetulia. Kwenye mteremko, mzigo ukikusukuma, ni magurudumu yanayoizungusha injini, na kile kikomo cha 2,600 hakiwezi kuizuia. Shuka kwa breki na gia, usiiache ipite.

Hilo linanifikisha kwenye kitu ambacho hukukiuliza, na kama ingekuwa ni hela zangu ndicho ningekianza kabla ya tairi. Breki za M35A2 ni za mzunguko mmoja. Paipu moja ikipasuka, mahali popote, magurudumu yote sita yanakosa breki kwa pamoja. Kinachobaki ni breki ya mkono, nayo haishiki magurudumu: inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa.

Kwa hiyo Jumamosi hii ingia chini ya lori. Kila ekseli ina mpira wa breki unaoshuka kutoka chasisi. Ushike, ukunje taratibu, utazame kwenye mkunjo. Ukiona mipasuko myembamba kama ya ngozi kavu, au mpira umevimba, usiliendeshe mpaka ubadilishwe. Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu: michirizi myeusi yenye harufu ya mafuta ya gia maana yake sili ya habu imekufa na mafuta yanaingia kwenye viatu vya breki. Kabla hujalaumu sili, tafuta kipumulio kidogo juu ya ekseli. Kikizibwa na tope, ekseli ikipata joto hewa inakosa pa kutokea na inasukuma mafuta kupitia sili hata ikiwa mpya. Kukisafisha ni dakika tano. Mafuta ya breki pia: tangu miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilihamia yale ya silikoni. Usiongeze yale ya kawaida ya dukani juu yake bila kujua kilichomo, hayachanganyiki. Na wako wenye M35 wengi waliobadilisha mfumo kuwa wa mizunguko miwili, mbele na nyuma mbalimbali. Kazi hiyo naiona ina thamani kuliko ekseli zote tatu za jamaa yako.

Ikitokea ukagundua kwamba ekseli yako mwenyewe imekufa, difu imevunjika au bomba limepinda, hapo kubadilisha ni sawa kabisa, ila tafuta ya M35 ileile. Zipo nyingi Marekani, na hiyo ni kazi mtu mwenye uzoefu wako anaweza kuifanya akiwa na msaidizi. Chukua tahadhari hii: ukishafungua propela inayotoka transfa kwenda nyuma, breki ya mkono haipo tena, hata kama wenzo umeuvuta mpaka mwisho. Lori la kilo karibu 6,000 limesimama kwa hisani ya ardhi. Weka vigingi pande zote mbili za magurudumu yanayobaki chini kabla hujagusa bolti ya kwanza, simamisha chasisi kwenye stendi za uzito huo na si kwenye jeki, na usilale chini ya ekseli inayoning’inia kwenye winchi. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto nyingi zina uzi wa kinyume, zimepigwa muhuri wa herufi L. Zisome kabla hujaongeza bomba kwenye spana.

Mambo matatu usiyafanye peke yako: kuchomelea au kutoboa chasisi, chochote kinachogusa usukani, na kutoa hewa kwenye breki baada ya kubadilisha silinda. Hapo tafuta karakana ya malori makubwa, hasa zile za springi na breki. Miji mingi ya Texas ina moja au mbili, na wengine wao walijifunza kazi jeshini kwenye malori haya haya. Kabla ya kubadilisha tairi au mfumo wa breki, uliza pia ofisi ya usajili wa magari na bima yako wanataka nini, maana kila jimbo lina masharti yake kwa magari yaliyotoka jeshini.

Kwa jamaa wa ekseli, mwambie asante. Kama ana rimu za bolti sita zinazoingia 395, hizo muulize bei.